Rufaa ya Mbogo

Jumapili, 1 Agosti 1982

Mbogo kavamia tena leo. Pangoni, juu ya farasi, mkuki mbele, mbio zote. Majambazi chini. Akageuza farasi, akavamia tena, wengine chini. Nilipiga meza mpaka chai ya Saidi ikamwagika. Raha tupu.

Tulikuwa watatu kama Jumapili zote, uani kwa Bi Mwanahawa, mwenye nyumba ninayopanga, baada ya chakula cha mchana. Mwamuzi ni Saidi. Mchezo aliuleta yeye enzi za ubaharia wake, kabla hajaajiriwa bohari ya reli pale Gerezani: kijitabu cha Kiingereza, na dadu zenye nyuso nyingi kuliko dadu za watu wa kawaida. Ubao hakuna. Saidi anasimulia umekutana na nini huko Ulaya ya kale, wewe unasema mtu wako anafanya nini, dadu zinaamua kama anaweza. Mwaka jana mjumbe wa nyumba kumi alikuja kuuliza kama hii ni kamari. Akakaa mpaka magharibi akitaka kujua joka litakufa au halifi.

Mtu wangu ni Mbogo, mpanda farasi, mzaliwa wa Usangi, Mpare kama mimi. Saidi alisema Ulaya ya kale haikuwa na Mpare. Nikamwambia athibitishe. Farasi anaitwa Jumatatu, kwa sababu mwanzoni kila dadu zikitupwa aligoma kuondoka, kama sisi ofisini siku hiyo. Mezani Mbogo ni kizibo cha soda nilichokitoboa na kuchomeka njiti ya kiberiti. Njiti ndiyo mkuki.

Deo anacheza Padri Anselimu, mponyaji. Deo ana duka la vipuri vya magari mtaa wa nyuma. Mchaga. Mtani wangu. Tangu tufahamiane ananitukana namtukana, na hakuna aliyewahi kununa, kwa kuwa mtani hanuniwi.

Leo kaja na kitabu cha maktaba. Vita vya Ulaya ya kale, picha tele. Anasema Mbogo ni mwongo. Anasema mkuki ule ni mrefu kuliko chumba changu, pangoni haugeuki. Tena ukishampiga mtu mmoja kwa mbio za farasi, ama umevunjika ama umebaki mwilini mwake. Baada ya hapo mpanda farasi alichomoa upanga kama watu wengine.

Nikafungua kijitabu cha mchezo. Aliye juu ya farasi akivamia kwa mkuki, kipigo chake maradufu. Basi. Hakikusema mara ya kwanza tu. Hakikusema unavunjika. Kisichoandikwa hakipo.

Deo akasema ndiyo maana kwetu Upareni ng'ombe mmoja akila mahindi ya jirani tunauza zizi zima kulipia kesi. Nikamjibu kwao Uchagani mtu akizimia hawaiti daktari, wanaangusha sarafu karibu na sikio. Bi Mwanahawa aliacha kupepeta mchele akashika mbavu.

Saidi hakuamua. Kesi inaendelea.


Jumatatu, 2 Agosti

Ofisini nimepiga chapa kumbukumbu za kikao kuhusu kupunguza vikao. Sabuni hakuna dukani. Mchana kutwa nilikuwa natunga hoja.

Hoja ya kwanza: mchezo si historia. Kwenye historia hakuna joka pia. Mbona joka hamlalamikii?

Hoja nzuri hiyo. Nimeridhika.


Jumatano, 4 Agosti

Nilipita dukani kwa Deo kumpelekea hoja. Rafu zimebaki na maboksi matupu. Ameyapanga vizuri, vichwa vyote mbele, ili rafu zisione haya. Fedha za kigeni hakuna, mzigo hauji. Mjomba wake aliyemwachia duka lile aliliendesha tangu Uhuru.

Hoja ya joka aliikubali nusu. Alisema joka hatujawahi kumwona, basi tunamwamini Saidi. Lakini farasi ni mnyama wa kweli, ana miguu na ana woga. Farasi si pikipiki. Akanisomea: hata farasi wa vita, ukimwelekezea safu ya watu waliosimama bega kwa bega na mikuki imekitwa ardhini, anakataa. Anageuka pembeni. Ndiyo maana mara nyingi wapanda farasi wenyewe walishuka, wakakata mikuki yao mirefu ikawa mifupi, wakapigana kwa miguu.

Nikasema Mbogo hashuki. Aliyezaliwa milimani akapata farasi, ashuke kwa ajili gani?

Alicheka. Kisha kwa sauti ileile, kama anayetaja bei ya plagi, akasema mwisho wa mwezi anafunga. Anarudi Kibosho. Mke wake amechoka kulea watoto peke yake, na hapa hakuna cha kuuza.

Nikamwambia aende, huko atakula ndizi mpaka zimtoke masikioni. Akasema, "Sawa, Mpare. Na wewe utabishana na nani?"

Tulicheka wote wawili. Nimefika nyumbani nikakaa kitandani na viatu mguuni.

Utabishana na nani. Watu wa ofisini wanadhani kati yetu kuna mapenzi. Hakuna. Ningejua la kufanya kama yangekuwa mapenzi. Ni rafiki. Sina mwingine wa namna hiyo na sijui anapatikana wapi.


Ijumaa, 6 Agosti

Foleni ya sukari. Nimepata. Saidi alipita na pendekezo: Jumapili tufanye jaribio. Kweli kabisa, kwa mkuki. Deo amekubali. Mimi nimekubali kabla hajamaliza sentensi.


Jumapili, 8 Agosti

Nitaandika yote, hata lililo baya.

Jumapili baada ya saa nane mchana magari ya watu binafsi hayaruhusiwi barabarani, kubana mafuta, basi Gerezani palikuwa kimya, kichochoro chote cha maghala chetu. Saidi aliazima mkokoteni kwa msukuma mkokoteni wa sokoni. Tuligeuza kreti la soda juu yake, likawa tandiko. Mkuki ulikuwa mwanzi mrefu. Adui alikuwa gunia la pumba lililoning'inizwa kwenye boriti ya banda.

Nilipanda. Kanga nimeifunga kiunoni, mwanzi kwapani kama picha ya kitabu. Deo na Saidi wakasukuma. Nakiri ilikuwa tamu. Upepo, magurudumu yanapiga kelele, gunia linakuja. Nilipiga ukelele wa Mbogo.

Mwanzi uligonga gunia katikati hasa. Halafu mimi ndiye niliyepigwa. Kwapa lilirudi nyuma, mimi nyuma yake, kreti nyuma yangu. Niliangukia makalio kwenye vumbi la oili. Mwanzi ulipasuka urefu wote. Gunia lilining'inia palepale, linabembea.

Watu walikuwa wamejaa, sijui walitokea wapi. Wasukuma mikokoteni, mafundi, wamama wa mihogo. Wote wanacheka. Deo akainua mkono kama karani wa mahakama, akatangaza kwa sauti: "Andikeni! Mpare ameshindwa kesi na gunia!"

Utani mzuri. Sasa naona kuwa ni mzuri. Pale chini sikuona. Niliumia, gauni limechafuka, kichochoro kizima kinanicheka. Nikasema. Nilisema taratibu, si kwa kelele, na hilo ndilo baya zaidi.

Nilisema: "Cheka. Mjomba wako alikuachia duka, wewe umebakisha kufuli."

Watu walicheka tena, walidhani utani unaendelea. Deo hakucheka. Alinitazama, akaona kuwa sitanii. Akanishika mkono akaniinua, akanipangusa vumbi mgongoni, akaenda kumsaidia Saidi kushusha gunia.

Tulirudi Kariakoo, mimi nikichechemea nyuma.


Jumatatu, 9 Agosti

Siwezi kukaa. Mhasibu kauliza kwa nini napiga chapa nimesimama. Nimesema mgongo.

Nilimkasirikia mtani. Kwetu hata mtoto anajua hilo halifanywi. Mtani akikutukana unamrudishia tusi kubwa zaidi, akikuchukulia kuku unamwambia arudi kuchukua na jogoo. Kununa ni kosa. Na mimi nilizidi kununa, nilitafuta mahali panapouma nikapiga hapohapo.


Jumanne, 10 Agosti

Nimegundua kitu kazini, katikati ya barua ya ununuzi wa mafaili.

Kreti halina mgongo! Deo mwenyewe alinionyesha kwenye picha: tandiko la mpanda farasi lina ukingo mrefu nyuma unaomshika kiuno, na vikuku vya chuma vya kukanyagia pande zote mbili. Hivyo ndivyo vinavyomzuia kuruka nyuma mkuki ukigonga. Mimi nilikaa juu ya kreti, miguu inaning'inia kama ya mtoto kwenye kiti cha mkubwa. Jaribio si halali. Gunia halikunishinda.

Nimeshinda kesi. Nilinyanyuka kabisa kitini niende nikamwambie.

Nikakaa tena. Polepole, kwa sababu ya makalio.


Alhamisi, 12 Agosti

Nilikwenda dukani. Aliinuka. Akanipangusia kiti.

"Karibu, Dada Namsifu. Habari za kazi?"

Dada Namsifu! Siku zote ni Mpare, Mla Makande, Mama Rufaa. Sikujua kama jina langu analijua.

Nikasema nzuri. Akauliza mgongo unaendeleaje. Nikasema vizuri. Akasema pole sana. Nikataka kuomba radhi, maneno yakagoma, badala yake nikamweleza habari ya kreti. Alisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama kwa adabu. Akasema, "Ni kweli kabisa. Hilo sikulifikiria. Ahsante."

Ni kweli kabisa! Deo! Kukubaliana nami!

Nimerudi nimepoa kama maji ya mtungi. Afadhali angenifukuza.


Jumamosi, 14 Agosti

Nimepika makande. Faini. Nimempelekea kwenye bakuli lenye kifuniko.

Makande haya ndiyo anayoyasema tangu nimjue. Kwamba Wapare walichanganya mahindi na maharage ili vikipelekwa mahakamani viwe mashahidi wawili. Nilikaa nisubiri aseme.

Aliyaonja mbele yangu. Akasema, "Matamu. Mungu akubariki."

Nimemwambia Bi Mwanahawa kila kitu. Nilikuwa nafua, yeye anachambua mchele. Yeye Mzaramo, watani zake Wanyamwezi, mambo haya anayajua. Alisikiliza, akatupa jiwe.

"Makande ya nini? Umemfanya mgeni, sasa unamkirimu kama mgeni. Mtani haombwi radhi kwa bakuli."

"Kwa kitu gani basi?"

"Kwa utani. Na anayeanza si wewe. Wewe ndiye uliyenuna."

Kwa hiyo nisubiri. Na yeye anaondoka mwisho wa mwezi. Sipendi kusubiri. Sijawahi kuweza.


Jumapili, 15 Agosti

Deo hakuja. Kasema anahesabu mali dukani. Mali gani?

Tulikaa mimi na Saidi. Chai nilimimina kwa birika langu la buluu, la mama, lililobonyea mdomo. Linatoa chai kwa uzi mwembamba. Deo huliita birika la Kipare: linamimina, lakini roho inaliuma. Saidi alisubiri kikombe kijae. Saidi ni mtu mwema lakini hatukani.

Akanionyesha kanuni mpya, ameziandika pembeni mwa kijitabu. Mkuki wa farasi: kipigo maradufu mara ya kwanza tu, kisha dadu itupwe kuona kama umevunjika. Pasipo nafasi ya kukimbia, hakuna maradufu. Mbele ya safu ya mikuki farasi naye atupiwe dadu kama anakubali.

Alikuwa ananitazama akisubiri nipinge. Nikasema sawa.

Aliweka kalamu chini. "Unaumwa?"


Jumatano, 18 Agosti

Nimempita Deo njiani. "Shwari, Dada?" "Shwari." Basi.

Tangazo limebandikwa mlangoni kwake. Mwandiko wake mzuri. Mwenye kuhitaji rafu aje azione.


Jumapili, 22 Agosti

Alikuja. Kwa ajili ya Saidi, nadhani. Ilikuwa mara ya mwisho sote kuwa mezani. Alileta ndizi mbivu, akanikaribisha kwa mikono miwili kama mkwe.

Saidi alisimulia. Daraja la mawe, jembamba. Ng'ambo yake Padri Anselimu amelala, amejeruhiwa mguu, hawezi kusimama. Darajani safu ya askari bega kwa bega, mikuki mirefu imekitwa chini, ncha juu. Upande wetu Mbogo juu ya Jumatatu. Nyuma ya Padri moto unakuja.

Kila mtu mezani alijua ni daraja la nini. Saidi alikuwa ametunga mtihani wa kesi yangu.

Deo akasema kwa upole, "Dada asijisumbue kwa ajili ya Padri. Afanye anavyoona inamfaa."

Niliwatazama wale askari ambao ni punje za mahindi. Kwa kijitabu, Mbogo angevamia. Ningeomba dadu, ningebisha kuhusu maneno, Saidi angechoka, angenipa. Nimefanya hivyo mara nyingi. Ni uhodari wangu.

Nikasema, "Mbogo anashuka."

Saidi akasema, "Anafanya nini?"

"Anashuka. Farasi hatakubali safu ile, ana miguu na ana woga. Anamfunga kwenye mti. Anakata mkuki unakuwa mfupi. Anakwenda kwa miguu."

Nikachomoa njiti ya kiberiti kwenye kizibo. Nikaivunja. Nikachomeka kipande kilichobaki.

Sikumtazama Deo. Niliona mikono yake tu. Iliacha kumenya ndizi.

Tulipigana muda mrefu. Mbogo alipata majeraha mengi, dadu hazikuwa upande wangu. Lakini alipita. Alimfikia Padri, akambeba begani, akarudi naye juu ya daraja lilelile, akamtua kwenye nyasi upande wetu. Kisha askari wa mwisho akamfuata kwa nyuma. Nilitupa dadu ya kujiokoa. Moja.

Saidi ana moyo laini. Alisema dadu iliegemea sahani, kama nataka nitupe tena.

"Hapana," nikasema. "Ilikaa sawa."

Mimi nilisema hivyo. Mimi.

Deo alikiinua kizibo, akakitazama, akakirudisha kikiwa kimelala ubavu. Akanawa mikono. Akaaga. Alipofika mlango wa ua Bi Mwanahawa akamwita bila kuinua macho kwenye ungo.

"Wewe Mchaga. Hapa amekufa Mpare. Mtani wake anaondoka bila kumzika?"

Deo alisimama kidogo. Akasema kwaheri Bi, akatoka.

Nimelia. Nimelilia kizibo cha soda, mtu mzima mimi. Si kizibo.


Jumatatu, 23 Agosti

Kazini. Nimekosea barua ya mkurugenzi, nikairudia yote.

Mezani kizibo bado kimelala ubavu. Sijakigusa.


Jumanne, 24 Agosti

Nimerudi kutoka kazini Posta, kabla hata sijafika mlangoni nasikia kilio. Kilio cha mwanamume, kikubwa, kibaya, cha uongo. Majirani wamejaa ukumbini.

Uani Deo amekaa kwenye mkeka, kanga ya Bi Mwanahawa kichwani, anajipigapiga kifua. Mbele yake boksi la kiberiti, Mbogo ndani, amefunikwa pamba. Karibu na mpapai kuna kaburi limechimbwa, kubwa kama kikombe. Saidi kasimama kando, anajaribu kuwa na uso wa msiba.

Aliponiona akazidisha sauti. "Wapare! Mmeniulia mtu! Alikuwa na farasi mzima, mkamtembeza kwa miguu kubania majani ya farasi!"

Nikajibu, "Mzike upesi, Mchaga, kabla hujauza jeneza."

"Hazikwi! Kwanza tuhakikishe kama amekufa. Mpare hafi hivihivi." Akainama kwenye boksi la kiberiti, akasema kwa sauti ya hakimu: "Mbogo wa Usangi! Umeshindwa kesi. Na gharama ulipe wewe." Akatega sikio. Watu wote wakanyamaza, hata mjumbe wa nyumba kumi. Deo akainua kichwa taratibu, macho yametoka. "Jamani. Hajakata rufaa. Kafa kweli!"

Bi Mwanahawa alianguka kwenye ungo wake. Mimi nilicheka mpaka nikashika mpapai, na machozi yalikuwa yananitoka, na sikujali nani anaona.

Nilitaka kuweka boksi kaburini. Akaweka kisigino ndani, akakataa kutoka mpaka alipwe haki ya mtani. Nikamwambia achukue makande. Akasema makande yale alikwisha kula, na sasa kwa kuwa tumerudi katika hali zetu anaweza kusema ukweli: yalikuwa magumu kama pistoni. Nikampa ndizi zake mwenyewe zilizobaki. Akazikataa, akasema zina huzuni.

Akaingia kwangu bila hodi. Akatoka na birika la buluu.

"Hili," akasema. "Nakwenda nalo Kibosho. Nikawaonyeshe watoto chai inavyolilia kutoka."

La mama yangu, lile. Nililolipenda kuliko kitu chochote chumbani. Nilifungua mdomo nibishe.

"Na kifuniko chake hukichukui?" nikamwuliza. "Mwizi gani wewe, huwezi hata kuiba?"

Akarudi akachukua na kifuniko. Kisha akatoa kisigino, tukamzika Mbogo. Sijamwomba radhi. Haikuwa lazima tena, na kama ningeiomba angenicheka.


Jumamosi, 28 Agosti

Stesheni. Mimi na Saidi. Mizigo ya Deo ilikuwa masanduku mawili, rundo la mikanda ya feni, na birika limefungwa kamba mkononi. Abiria wote wanalitazama.

Alininong'oneza kwamba habari ya kreti nilishinda kihalali. Amesoma tena, bila ukingo wa nyuma na vikuku hakuna anayebaki juu. Kisha akasema kwa sauti, watu wasikie, "Lakini gunia pia liliomba nikusalimie."

Treni ilikwenda. Nilitukana mpaka behewa la mwisho.


Jumapili, 5 Septemba

Ua mtulivu. Bi Mwanahawa alikuwa na wageni kutoka Kisarawe, wakaondoka baada ya adhuhuri. Saidi alikuja na dadu.

Nimeanza mtu mpya. Mjane wa Mbogo. Amekuja kwa miguu kutoka Usangi kudai farasi wa marehemu, kwa sababu hakuna mahali palipoandikwa kwamba Jumatatu alifunguliwa kwenye ule mti. Saidi alitafuta kwenye karatasi zake. Kweli hapakuandikwa. Akachoka hata kabla hatujaanza.

Chai nilichemshia kwenye sufuria. Kuimimina kwenye vikombe ni taabu, nusu imekwenda mezani. Bi Mwanahawa akasema sokoni yameingia mabirika, imara, yana mdomo mpana, niwahi kabla hayajaisha.

Nimemwambia birika ninalo. Liko Kibosho.